Shanga za Dieynaba

Soko la HLM lilikuwa limefurika, wanawake wakigombania vitambaa vya sikukuu, na Dieynaba alijipenyeza katikati yao, mfuko kwapani, roho mkononi. Alikuwa anakwenda kumrudishia Mama Astou shanga za kiunoni alizonunua kwake kabla ya harusi. Ndoa haijatimiza mwezi, na tayari mumewe Birane alikuwa amehamia kwa mama yake bila kueleza kisa. Jumapili wazee wa pande zote mbili wangekaa kikao, na Dieynaba alijua wakishakaa hao, ndoa imekwisha.

Simu ikalia. Alikuwa shangazi yake, aliyemfunda.

"Karudi?"

"Bado, Shangazi."

"Udi uliufukiza sawasawa?"

"Chumba kizima."

"Na shanga, ukazichezesha?"

"Shangazi, niko sokoni!"

"Basi huyo si mwanamume, ni gogo," shangazi akasema na kukata.

Dieynaba akainua macho, akamwona gogo mwenyewe. Birane alikuwa amesimama mbele ya meza ya Mama Astou, kanzu ya bluu imepigwa pasi vizuri, lakini uso umemsawajika. Akasogea hadi nyuma yake.

"Mama, niambie kweli," Birane alikuwa akinong'ona. "Ndani ya hizi shanga unatia nini?"

"Uzi," Mama Astou akajibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Wateja wakaangua kicheko. Birane akageuka aikimbie aibu yake, akakutana uso kwa uso na mkewe.

"Kwa hiyo nimekuroga?" Dieynaba akauliza.

"Diey, tafadhali, si hapa."

Wakaenda kujibanza kwenye kibanda cha kahawa nyuma ya soko. Hakuna aliyegusa kikombe chake.

"Kwetu sijawahi kuyaona mambo hayo," Birane akaanza, macho chini. "Moshi umejaa chumbani, kiuno kinalia, kichwa kikanizunguka nikasahau hata jina langu. Nikajua nimefungwa."

"Kichwa kilikuzunguka kwa sababu nilizidisha udi! Kwetu ndivyo mke anavyomwambia mumewe 'karibu'. Bibi kafanya, mama kafanya. Wewe ndiye uliyenitisha. Ati taa iwake! Ati niseme kwa mdomo wangu ninachokipenda! Umejifunza kwa wanawake gani hayo?"

Birane akamkodolea macho. Hakuwahi kufikiri kwamba naye alikuwa ameogopwa.

"Wanawake gani, mpenzi? Ulikuwa kimya, huna hata neno. Ningejuaje kama nakuumiza?"

Dieynaba alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Hasira zikamwishia, ikabaki aibu, na nyuma ya aibu huruma nyingi kwa mwanamume huyu aliyekonda kwa woga wa bure.

"Hukuniumiza," akasema polepole, masikio yakimwaka moto. "Nilipenda."

"Kweli?"

"Usiniulize tena hayo! Ila taa sitaki."

"Basi taa tuizime. Nawe udi upunguze."

"Nitapunguza. Shanga siziachi."

"Usiziache," Birane akajibu haraka mno, kisha akaona haya, akaificha midomo ndani ya kikombe.

Simu ikalia tena. Dieynaba akaitazama kwa hofu kabla ya kuipokea.

"Shangazi, waambie wazee wasije. Tuko pamoja."

"Alhamdulillahi! Udi umefanya kazi!"

"Hapana. Tumezungumza."

"Mmezungumza nini?"

"Hayo mambo ya chumbani."

"Wewe na mumeo? Mchana huu? Kwa maneno?" Shangazi akahema. "Subhanallah! Mambo gani machafu hayo! Nani amewafundisha?"

Dieynaba akakata simu. Hakuwa na hakika usiku huo ungekuwaje, wala Birane hakuwa nayo. Akainuka, akamshika mumewe mkono mbele za watu, jambo ambalo kwao halifanywi, wakatoka kwenda nyumbani.