Gemu ya Baba Loveness

Haya yalimpata rafiki yangu Rogath, fundi kompyuta wa Majengo. Mjane mmoja wa Kibosho alimletea sidii ya gemu ya zamani. "Marehemu Baba Loveness aliicheza kwa kidole kimoja tu, mwanangu. Niwekee kwenye kompyuta mpya."

Duka halina dirisha, na kwa vumbi la mchana ule Rogath akajifungia. Akahangaika nayo mpaka ikawaka: kwenye skrini, chumba cheusi, mlango mmoja. Mlango huo ukagongwa, ngo, ngo, ngo. Akili ikiwa kwenye nyaya, akaitika kwa mazoea, "Karibu!"

Umeme ukakatika. Akapapasa komeo, likagoma. Akapiga kelele, lakini bodaboda nje zilipita tu. Nyuma yake kiti kikatoa mlio wa kukaliwa na mtu mzito, kisha vitufe vikaanza kubonyezwa gizani, kimoja, kimoja, kimoja.