Hakuna Pendekezo kwa Wakio

Yamaha nyekundu ilikata kona mbele ya kituo cha petroli, ikawapita wauza maembe bila kupunguza mwendo.

Ambrose Kituku alikuwa nyuma mita sitini, ndani ya Peugeot 504 ya kijivu. Mkono mmoja kwenye usukani. Mwingine karibu na bastola ya Browning iliyolala chini ya gazeti. Miaka tisa alikuwa amefuata majangili, wauza silaha na wageni wanaojifanya watalii, na viganja vyake havikuwahi kutoa jasho.

Leo vililowa.

Mwenye pikipiki aliitwa Fawaz, kijana wa Kiswahili wa hapo hapo Voi, mrefu, mcheshi, hodari wa kompyuta. Nyuma yake alikaa mwanamke wa kilemba cha buluu, amemshika shati kiunoni asije akaanguka.

Mwanamke huyo aliitwa Wakio. Alikuwa mke wa Ambrose, wa ndoa ya kanisani, miaka minne sasa.

"Mshike vizuri basi," Ambrose alinguruma peke yake. "Mkumbatie kabisa!"

Yamaha ikaruka reli. Peugeot ilipofika, treni ya mizigo kutoka Mombasa ikaziba njia. Behewa, behewa, behewa. Ambrose akapiga honi. Jamani, nani huipigia treni honi? Mwenye wivu tu.

Casio mkononi ilionyesha saa kumi na mbili na robo jioni. Behewa la mwisho lilipopita, ng'ambo ya reli palibaki vumbi na mbuzi mmoja.

Redio ya Motorola ikakwaruza.

"Nyuki, hapa Mzinga. Jibu."

Mzinga alikuwa Bi Mumbe, mkubwa wake kule Nairobi, mama wa maneno machache.

"Nyuki. Sema."

"Uko wapi?"

"Kazini," alisema Ambrose. Muongo!

"Sikiliza. Kuna watu wanatorosha yakuti za Taita kuvuka mpaka wa Chala, kuingia Tanzania. Maagizo kwa mnunuzi yanatoka kwenye kompyuta moja hapo Voi. Jumamosi, juzi, na jana. Kila siku saa kumi na mbili na nusu jioni."

"Kompyuta ya nani?"

Bi Mumbe akakohoa.

"Ya tovuti ya mkeo."

Ambrose akazima injini ya Peugeot.

"Nimekupa wewe kwa sababu mlango ule uko wazi kwako. Kama huwezi, sema sasa."

"Naweza."

"Wanazindua kesho saa nane mchana. Kabla ya hapo nataka mkono unaobonyeza. Ule wenyewe, Nyuki. Ukinifungia mtu asiye na hatia, yakuti zitavuka na tovuti itakufa siku ya kuzaliwa."

"Nimeelewa."

Na mdomoni tayari alikuwa na jina. Lilikuwa tamu kama asali ya kwao Kibwezi.

Tovuti iliitwa Kionjo. Kazi yake ilikuwa kumwambia kila mtu kanda gani aitazame na wimbo gani ausikilize, kulingana na moyo wake mwenyewe. Mwaka ule wa 1999 kompyuta zenye intaneti Voi zilihesabika kwa vidole, kwa hiyo Wakio alizunguka na kadi za karatasi. Alipita sokoni, stesheni, kwenye mashamba ya katani. Kadi za Werugha zilishuka mlimani ndani ya magunia ya kabeji. Ni nini kilikuchekesha mara ya mwisho? Ni nini kilikuliza? Unapenda kutazama na nani? Wakio aliingiza majibu, na programu ya Fawaz ikatafuta watu wanaofanana kwa ladha. Kompyuta aliwapa mfadhili, mzungu mmoja mpole aliyeitwa Keller, na akawalipia pango la duka la kukodisha kanda.

Mwezi mzima Wakio alikuwa haongei kingine. Fawaz kasema hivi, Fawaz kacheka vile. Siku moja Fawaz alitaja wimbo unaomliza Wakio. Akautaja hivi hivi, mbele ya Ambrose, huku akikaza skrubu.

Ambrose hakuujua wimbo huo. Mumewe! Iliuma hadi leo.

Usiku ule Wakio alirudi saa mbili, nguo zikinukia udi na iliki. Hakugusa ugali.

"Sina njaa," alisema. "Wewe siku yako ilikuwaje?"

"Nimeuza pampu mbili." Kwa mkewe na majirani, Ambrose alikuwa muuza pampu za maji.

Wakio akamtazama kidogo, kama anayengoja aulizwe. Ambrose hakuuliza. Jasusi haulizi, jasusi anachunguza. Ujinga mtupu, lakini nani angemwambia?

Jumatano asubuhi alijitokeza dukani kusaidia kuvuta nyaya. Wakio alikuwa nje akipanga viti. Fawaz alikuwa akifunga spika. Ambrose akaketi mbele ya kompyuta ya Compaq, akachomeka disketi ya Idara ya Ujasusi, na siri za Kionjo zikamwagika kwenye skrini.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu jioni. Jumapili, saa ile ile. Jumatatu. Jana pia, muda mfupi baada ya treni kumfungia njia. Ujumbe ulikuwa mmoja: *Kwa Kombo wa Mraru. Tunakupendekezea kanda nambari 22 na nambari 14.*

Aliyeingia: Fawaz. Neno la siri: la Fawaz.

Moyo wa Ambrose ukaruka kwa furaha. Furaha chafu, tuseme ukweli.

Kabla ya kuzima, akafungua ukurasa wa mteja mmoja zaidi. Wakio. Palikuwa na sentensi moja tu: *Hakuna pendekezo kwa leo.*

Wateja mia nne wamependekezewa, na mwenye tovuti hana kitu? Kuna mtu amefuta. Kuna jambo linafichwa. Lisemwalo lipo, aliwaza, kama halipo laja.

Akatoka uani na redio.

"Mzinga, ni Fawaz."

"Una hakika?"

"Asilimia mia."

"Kwa macho au kwa moyo?"

Akatazama mlango wa duka.

"Kwa macho."

Saa saba na dakika ishirini alimvuta Fawaz chumba cha nyuma, kati ya rafu za kanda.

Pingu zikalia.

"Shemeji! Utani gani huu?"

"Shemeji yako nani? Saa kumi na mbili na nusu jioni unakuwa wapi?"

"Saa hiyo?" Fawaz alimkodolea macho. Midomo yake ilikuwa mikavu. "Kaka, mwezi huu wa Ramadhani! Saa hiyo ni adhana ya magharibi. Niko kwa mama, tende mkononi. Tangu mfungo uanze, robo saa kabla ya adhana duka hili lina kufuli."

"Nani shahidi?"

Fawaz akainamisha macho.

"Nimeuliza, nani shahidi?"

"Mimi."

Wakio alikuwa mlangoni, kilemba cha buluu kichwani, karatasi za hotuba mkononi. Aliziona pingu. Aliiona Browning. Rangi ikamtoka, kisha ikarudi na hasira.

"Hizo ndizo pampu?"

"Wakio, ondoka hapa."

"Siondoki. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, jana. Magharibi zote nne nilifuturu kwa Bi Khamisa, mama yake. Huyu Fawaz alikuwa mkekani, mita mbili kutoka kwangu, anagombania tambi na wadogo zake. Anayefanya kazi na mwanangu hapiti mlango wangu na njaa saa ya futari, ndivyo Bi Khamisa alivyosema."

"Kwa hiyo kila jioni…"

"Na wewe ulialikwa! Nilikwambia mara tatu, Ambrose. Mara tatu! Ukasema una pampu Mwatate."

Nje mtu alijaribu spika: moja, mbili, moja, mbili.

Ambrose alikuwa na njia mbili. Akatae neno la mkewe, Fawaz aozee rumande. Au akubali neno hilo, na akubali pia kwamba jioni zote alizokesha kwa uchungu, Wakio alikuwa kwenye mkeka ambao hata yeye aliwekewa nafasi.

Akatoa ufunguo. Pingu zikafunguka.

"Huyo Kombo wa Mraru ni nani?" aliuliza, sauti imepungua.

Fawaz alisugua vifundo vya mikono. "Nilidhani ni utani wa mtu. Kombo gani ataagiza kanda magharibi, mwezi mtukufu? Hata asiyefunga anajificha! Na hizo kanda hatuna. Nambari 14 ilikatika, na nambari 22 haijarudishwa tangu Septemba."

Ishirini na mbili. Kumi na nne.

Ambrose akajipiga paji la uso. Leo tarehe ishirini na mbili. Saa kumi na nne kwa saa za jeshi ni saa nane mchana. Mahali ni Mraru, njia ya Taveta. Miaka tisa ya mafunzo, na tarehe ya leo ilimpita machoni kwa sababu alikuwa ameliona jina la Fawaz.

"Nani mwingine ana ufunguo wa duka?"

Wakio na Fawaz wakatazamana.

"Keller," walisema pamoja.

"Neno la siri ni yeye aliyetuwekea," Fawaz aliongeza. "Aliuliza siku ya kwanza ya mfungo tunafunga saa ngapi. Nikaona mzungu huyu ana heshima."

Kiti cha mfadhili jukwaani kilikuwa kitupu. Pajero yake haikuwapo. Polisi wote wa mji walikuwa hapo, wakimlinda mgeni rasmi, kama Keller alivyopanga.

"Mzinga, hapa Nyuki." Akaibana redio mdomoni. "Nilikosea. Si Fawaz. Ni mfadhili. Makabidhiano ni Mraru, saa nane."

"Kwa moyo?"

"Kwa macho, mama. Safari hii kwa macho."

"Kimbia!"

Peugeot ilikuwa imezibwa na magari saba ya waalikwa. Fawaz tayari alikuwa amewasha Yamaha.

"Panda, shemeji!"

Ambrose akapanda. Akakalia pale pale alipokalia mkewe, na kwenye tuta la kwanza akamkumbatia Fawaz kiunoni kwa mikono miwili.

"Nishike vizuri!" Fawaz alipiga kelele.

"Funga mdomo, endesha!"

Barabara ya Taveta ikawameza kwa vumbi. Fawaz, bila tone la maji tangu alfajiri, aliipiga gia kama amelogwa. Saa nane kasoro dakika moja Ambrose aliiona Pajero, kando ya mistari ya katani. Nyuma yake, pikapu nyeupe. Mtu wa pikapu alikuwa akipokea katoni ya kanda za video. Kanda moja ilikuwa wazi mkononi mwake, na badala ya utepe palikuwa na mawe mekundu.

Ambrose aliruka kabla Yamaha haijasimama. Risasi ya kwanza ikalipasua gurudumu la pikapu. Mtu wa pikapu akalala chini mwenyewe, mikono kisogoni.

Keller hakulala. Alichomoa Walther ndogo, akamlenga aliye karibu.

Aliye karibu alikuwa Fawaz.

Shetani wa wivu akamnong'oneza Ambrose sikioni: chelewa. Sekunde moja tu. Nani atajua?

Hakuchelewa.

Browning ikabweka. Walther ikaruka katanini. Keller akapiga magoti, ameshika mkono, uso umemparama.

"Nani alinitaja?" alifoka kwa Kiswahili safi.

"Adhana," alisema Ambrose, akamfunga pingu zile zile.

Walipowakabidhi watu wale kwa polisi na kurudi, uzinduzi ulikuwa umekwisha. Wakio aliuendesha peke yake. Mgeni rasmi alijaza kadi, mashine ikampendekezea vichekesho, akacheka mpaka akavua miwani. Kionjo ilikuwa hai.

Wakio alikuwa akikusanya viti. Hakumkimbilia mtu.

"Mko wazima?"

"Wazima," alisema Ambrose. "Wakio, nisamehe. Nilikuonea wivu. Niliwafuata jana hadi relini."

"Nilikuona. Nani anapigia treni honi?"

Ambrose akainua kiti kimoja kumsaidia. Bado kitu kilimchoma.

"Ukurasa wako umefutwa na nani? Wateja wote wana kitu, wewe huna."

Wakio alivuta sanduku la kadi, akatoa ya kwanza kabisa, nambari moja, akampa. Mwandiko ulikuwa wake. *Unapenda kutazama na nani? Na mume wangu, akipatikana. Asipopatikana, msinipendekezee kitu.*

"Kila jioni mashine inaniuliza kama umepatikana," alisema Wakio. "Kila jioni nabonyeza hapana."

Ambrose aliisoma kadi mara mbili.

Motorola ikakwaruza. "Nyuki, hapa Mzinga. Kazi nzuri. Kuna gari linakungoja stesheni, unaondoka sasa hivi kwenda Taveta. Jibu."

Akaizima. Miaka tisa, hajawahi.

Jua lilikuwa limeteremka. Fawaz alikuwa mlangoni ameshika kufuli, ulimi umemkauka, macho kwenye saa.

"Lete ufunguo wa pikipiki," alisema Ambrose.

"Wa nini, shemeji?"

"Leo mke wangu nampakia mwenyewe."

"Na mimi je? Adhana imekaribia!"

"Tembea. Umefunga, hukuvunjika miguu."

Wakio alikuwa ameshainama juu ya Compaq. Alibonyeza mara moja, akazima taa, akatoka. Akapanda nyuma, akamshika mumewe shati kiunoni, na Yamaha nyekundu ikaondoka polepole kuelekea kwa Bi Khamisa.