Feni ya Mtumba

Aliyenisimulia haya ni rafiki yangu fundi kompyuta, tunayemwita Kiroboto, mtu anayecheka hata msibani. Safari hii hakucheka.

Shemeji yake alitaka kompyuta ya kuchezea gemu, ya bei ya kati. "Shemeji, kadi ya picha usiibanie," Kiroboto akamshauri. "Tubane kwenye feni ya kupoza kompyuta. Hata ya mtumba itapuliza tu."

Wakachagua moja kwenye boksi la vifaa vya zamani. Mchana huohuo Kiroboto akaifunga, kwenye chumba cha nyuma kisicho na dirisha, akawasha. Ikakoroma, hrrr, hrrr, kama kifua cha mtu mwenye pumu. Ghafla, giza.

"Umeme umekatika mtaa mzima!" shemeji akapaza sauti kutoka barabarani.

Kiroboto akangoja feni isimame. Wapi! Akapapasa ukuta, akachomoa waya. Hrrr, hrrr. Basi akafanya wanavyofanya mafundi wote: akapenyeza kidole aizuie.

Mapanga ya feni yalikuwa yamesimama tuli, ya baridi.

Hrrr, hrrr. Na upepo wenye uvuguvugu ukampuliza kisogoni.