Sensa Iliyofungwa Kiseremala

Kila Jumanne na Ijumaa nampeleka mama mkwe hospitali kusafishwa damu. Figo zake zimechoka. Namvalisha sweta, namshika mkono, anapanda gari letu kuukuu.

Wiki ile gari lilianza vituko. Nikikanyaga mafuta, linaruka. Nikiachia, linazima. Mume wangu ni seremala, tena hodari. Alinunua sensa mpya, kifaa kidogo cha kwenye injini, akaifunga mwenyewe uani kabla chai yake haijapoa.

“Tayari,” alisema. “Mafundi wa magari wanajikuza tu.”

Ijumaa gari likazima juu ya reli.

Sitii chumvi. Juu ya reli, na honi ya treni tunaisikia. Mama yuko nyuma, miguu imevimba, hawezi kukimbia. Nikazungusha ufunguo, kimya. Nikazungusha tena, kimya. Wapita njia wakatusukuma hadi upande wa pili, treni ikapita nyuma yetu.

“Nirudishe nyumbani,” mama alisema. “Gari hili sipandi tena. Heri nife kitandani mwangu.”

Siku ile hakusafishwa damu. Akikosa na Jumanne, mwili utajaa maji. Hilo daktari alishatuonya.

Baadaye gari liliwaka, nikamrudisha mama polepole, nikafika nyumbani nikiwaka moto.

“Labda ulikanyaga vibaya,” mume wangu alisema.

“Labda nini? Huyu ni mama yako mzazi! Nusura umzike kwa ubishi wako!”

Wanasema hasira hasara. Mimi nilikuwa tayari kwa hasara yoyote. Jirani yetu, fundi umeme wa magari tunayemwita Mama Waya, alitokea mlangoni.

“Mtaa mzima unawasikia. Fungueni boneti.”

Aliinama, akatazama, akaguna. “Shemeji, nani kafunga sensa hii?”

“Mimi.”

“Uliipima?”

“Nipime nini? Nimekaza skrubu mpaka mwisho. Haitikisiki.”

“Hiki si kitanda, shemeji! Hapa pana kimlango cha kuingizia hewa kwenye injini. Ukikanyaga mafuta, kinafunguka. Sensa inaiambia kompyuta ya gari kimefunguka kiasi gani. Wewe umeifunga upande. Kimlango kimefungwa, sensa inasema kiko wazi. Kompyuta inaamini uongo. Hebu niambie, kwa nini matundu ya skrubu ni marefu?”

Mume wangu alijikuna kichwa. “Nilidhani kiwanda kimekosea.”

“Kiwanda kimekosea!” nilipiga kelele. “Ubao unaupima kabla ya kukata, mama yako humpimii?”

Alikwenda kuchukua bisibisi.

“Matundu ni marefu ili sensa izungushwe kidogo na kurekebishwa,” alisema Mama Waya. “Tunaanza upya. Wewe utafanya, mimi nitasema.”

Mume wangu alivuta breki ya mkono, akaweka mawe kwenye magurudumu. Injini ilikuwa baridi. Akafungua waya wa hasi wa betri, akachomoa soketi ya sensa, akatoa skrubu mbili.

“Sensa ya zamani ulipoitoa, uliweka alama ilipokaa?”

“Hapana.”

“Siku nyingine weka. Alama ni ya kuanzia tu, lakini inasaidia.”

Akaichomeka sensa kwenye mhimili wa kimlango, akahakikisha inazunguka na kurudi. Akarudisha skrubu.

“Usikaze! Zishike tu.”

Soketi ikarudi, waya wa betri ukarudi. Mama Waya akagusisha mita yake ya kupimia volti kwenye waya unaopeleka taarifa kwenye kompyuta.

“Washa ufunguo, injini usiiwashe. Kitabu cha gari lenu kinasema nusu volti, kimlango kikiwa kimefungwa. Kila gari lina namba yake, haiazimwi kwa jirani. Sasa zungusha sensa. Polepole! Hapo. Kaza kidogo. Soma tena.”

Namba ilihama. Akalegeza, akazungusha, akakaza tena. Jasho lilimtoka. Sikumhurumia.

“Sasa wewe, dada, kanyaga mafuta taratibu,” Mama Waya aliniambia. Namba ikapanda bila kurukaruka, nikaachia ikashuka mahali pake. Tukawasha injini. Ikanguruma sawasawa, haikuruka wala haikuzima. Nikaizungusha mtaani mara kadhaa, nikisimama na kuondoka.

Jumanne mama mkwe alisimama kando ya gari na fimbo yake.

“Nitapanda,” alisema. “Lakini seremala naye apande, akae hapa ubavuni kwangu. Kama ni kufa, tufe na fundi.”

Mume wangu alipanda kama alivyoamriwa. Tulipofika kwenye reli tulisimama tukasubiri treni ipite. Injini haikutetereka. Nikakanyaga mafuta, gari likavuka taratibu. Tukafika mlangoni mwa hospitali, ambapo wauguzi walimpokea mama kwa wakati.

Kabla hajaingia, alimgeukia mwanawe.

“Sasa nenda kamshukuru Mama Waya,” alisema. “Kwa miguu.”