Sufuria Iliyovaa Blanketi

Hakuna hadithi ya maharage iliyo tamu kuliko hii. Haya, pengine hakuna nyingine. Na hata hii, maharage yenyewe yanachelewa kuiva.

Katika nyumba moja ya vyumba vya kupanga, chumba cha mwisho, chenye ukuta unaotoa jasho, aliishi msichana aliyekuwa akisomea uuguzi. Jirani yake alikuwa mshonaji mzee, mjane, ambaye wapangaji wote walimwita Bibi Cherehani. Yeye ndiye aliyempa msichana jina la Sindano, kwa wembamba wake. Na kila wiki Sindano alizidi kuchongoka.

Asubuhi alikunywa chai ya rangi. Mchana, chai na mkate. Jioni alirudi hoi, akala mkate uliobaki, akafungua vitabu. Chini ya kitanda kulikuwa na mfuko wa maharage aliopewa na mama yake. Haukuguswa. Maharage yanataka saa tatu motoni. Sindano hakuwa na saa tatu, wala gesi ya saa tatu.

Kila Jumapili mama yake alipiga simu.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, mama. Nimeshiba."

Ikafika siku ya mtihani wa vitendo. Sindano alitakiwa kumwogesha mgonjwa kitandani. Alipoinama kukamua kitambaa, macho yakaingia kiza, akaanguka. Mgonjwa ndiye aliyemwitia nesi.

"Utarudia baada ya wiki tatu," mwalimu alimwambia. "Ukianguka tena, utafunga virago urudi kwenu."

Alirudi na mvua mgongoni. Akakaa mlangoni kwake analia. Bibi Cherehani akachungulia.

"Sindano, nani amekupinda?"

Akamweleza yote.

"Na leo umekula nini?"

"Nimekula, Bibi."

"Sikuuliza kama umekula. Nimeuliza nini."

Sindano akakamua upindo wa sketi yake iliyolowa.

"Huyo 'nimekula' namjua sana," alisema Bibi. "Anapita kila nyumba, na haachi hata punje sahanini. Haya, huko chuoni hawafundishi mambo ya lishe?"

"Wanafundisha. Nilipata alama tisini."

"Basi zipike hizo tisini, tuone kama zitakushibisha."

Sindano alicheka huku machozi yanamtoka.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Jioni chambua maharage, yaoshe, yaloweke mpaka asubuhi. Ukiamka, mwaga maji hayo. Tia mengine, bandika, yachemke kwelikweli dakika ishirini. Usiibie dakika hata moja. Maharage yasiyochemka vizuri yatakuumiza tumbo."

"Halafu?"

"Funika. Zima moto. Ivalishe sufuria blanketi, iweke ndani ya boksi, jaza vitambaa pembeni. Wewe nenda darasani. Lile joto halina pa kutokea, litakupikia."

"Bila moto?"

"Bila moto. Ila sufuria iwe imejaa. Ya nusu hupoa upesi, kama ahadi ya mchumba. Na usifunue mpaka jioni. Ukirudi, ichemshe tena, tia kitunguu, nyanya, mboga za majani, chumvi. Hapo wali utakuwa umeiva pembeni."

Bibi akampa boksi na fungu la vipande vya vitambaa. Pembeni ya cherehani, Sindano aliona sufuria nyingine imefungwa blanketi jekundu.

"Hiyo yako, Bibi?"

"Yangu, imelala tangu asubuhi. Usiiguse! Utatoa joto."

Siku ya kwanza maharage yalitoka magumu, kwa sababu Sindano aliiba dakika kumi. Akayarudisha motoni. Siku ya pili yalilainika. Akawa anapika mara moja, anakula jioni, na asubuhi anachemsha yaliyobaki kabla ya kutoka. Mashavu yakaanza kurudi. Akasoma bila kusinzia. Tena siku hizo nyumba ilikuwa kimya. Cherehani halikulia kama zamani, kwa kuwa watu walinunua nguo zilizokwisha kushonwa. Sindano aliushukuru ule ukimya.

Wiki tatu zilipokwisha, alirudia mtihani. Alimwogesha mgonjwa, akamgeuza, akatandika shuka, miguu imara. Akafaulu.

Jioni ile alijaza bakuli wali na maharage, akabisha hodi. Bibi alikuwa amekaa mbele ya cherehani, kwenye gizagiza, hana kitambaa mkononi.

"Nimefaulu, Bibi! Karibu chakula."

"Hongera, mjukuu wangu! Lakini nimeshakula. Nimeshiba hadi kooni."

"Umekula nini?"

Bibi akakohoa. "Si maharage? Nimebakiza ya kesho, yale pale yamelala."

Sindano alitazama mkono wa Bibi juu ya cherehani. Ulikuwa umebaki mifupa. Akaweka bakuli chini, akaiendea sufuria.

"Usifunue! Utatoa joto!"

Blanketi lilikuwa baridi. Sindano akalifungua, akainua mfuniko. Ndani mlikuwa na vibiringo vya nyuzi, vyeupe na vyeusi, vimepangwa vizuri.

"Bibi," aliuliza taratibu, "hizi zinaiva saa ngapi?"