Maswali Aliyomalizia Chaja

Foleni ya wanafunzi wapya wa kujiandikisha ilianzia mlango wa chumba cha kompyuta ikapinda mpaka vyooni. Jua kali, watu wanasukumana, kila mmoja na barua yake ya chuo mkononi. Hapo ndipo binti mmoja mshonaji, aliyevaa gauni la njano la kola ya kijani alilolishona mwenyewe, alipopigwa kumbo na kijana aliyebeba fungu la nyaya.

"Samahani, dada."

"Samahani itanisaidia nini, na kidole umeshakikanyaga?"

"Basi kipe pole hicho kidole."

Binti hakutaka kucheka, akacheka. Akamtazama kifuani. "Na shati lako limepungua kifungo. Huna mtu wa kukuangalia?"

"Ningekuwa naye, ungenikuta hivi?"

Kijana alikuwa mwaka wa pili, na kwa ujira mdogo alisimamia chumba kile. Chuo kizima kilimwita Chaja, maana aliyeishiwa chaji alimkimbilia yeye. Naye akamwita binti Fundi. Kifungo kilishonwa siku ileile, ngazini, shati likiwa mwilini.

"Ukinichoma sindano nitapiga kelele."

"Piga. Wajue umepata mtu."

Ikawa simu asubuhi, simu mchana. "Umelala?" "Nimelala, anayeongea ni mto." Mapenzi yao yalikuwa hivyo, ya kuchekacheka.

Lakini jambo moja halikumchekesha Fundi. Kila mwanafunzi mpya alifanya jaribio la hesabu kwenye kompyuta. Halikuwa la kufaulu wala kufeli. Lilikuwa la kupangiwa darasa: la juu, la kati au la chini. La chini lilisomewa karibu na stoo, na wanafunzi walilibatiza chekechea. Fundi aliacha shule zamani, akakaa kwenye cherehani kumtunza mama yake, aliyekuwa na kidonda cha mguu kisichopona. Sasa alitaka kuwa nesi.

"Nesi akikosea hesabu ya dawa, mtu anakufa," alimwambia Chaja. "Na mimi hesabu ndizo ninazoziogopa."

"Usiogope, mpenzi. Mimi nipo."

Siku ya jaribio lake, wengi wakiwa wameshafanya yao, chumba kilikuwa karibu kitupu. Fundi alikuwa katikati ya maswali simu ilipotetemeka. Jirani: mama ameanguka bafuni. Akatoka mbio kwenda ukumbini kuongea. Saa ya kwenye kompyuta ikaendelea kukimbia. Chaja akatazama saa, akatazama mlango. Akavuta kiti, akammalizia.

Fundi aliporudi anafuta machozi, kompyuta ilikuwa imeandika: Darasa la Juu.

"Umefanya nini wewe?"

"Muda ulikuwa unaisha. Nimekusaidia tu."

Laiti angekataa palepale. Lakini moyo wake ulikuwa bafuni kwa mama, na aliyekuwa mbele yake alimpenda. Akamkumbatia.

Darasa la juu, mwalimu aliandika na kufuta kabla Fundi hajanakili mstari mmoja. Wenzake walinyoosha mikono, yeye aliinamisha kichwa. Karatasi ya kwanza ikarudi nyekundu tupu, na ya pili vilevile. Na sheria ilijulikana: asiyepita hesabu anaondolewa unesi. Akaenda kuomba ashushwe. Mkuu wa hesabu, mama mmoja wa miwani mizito, alimtazama kwa muda.

"Kompyuta imesema unaweza, binti. Au aliyejibu si wewe?"

Fundi akaaga. Kusema kweli ni kufukuzwa. Akatoka.

Chaja alimfundisha kwa simu, mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Fundi, hili mbona jepesi!"

"Jepesi kwako."

"Nimekueleza mara ngapi?"

Sauti ya Fundi ikawa ndogo: "Kumbe siku ile uliniona mjinga. Ulijua nitaanguka."

"Si hivyo, sikiliza..."

Akakata. Baada ya hapo hakupokea tena. Chaja, naye, akajiambia: ameshakuwa wa darasa la juu, mimi wa nini kwake?

Mwishowe alimfuata nyumbani. Chumba kimoja, cherehani imefunikwa shuka, mama kitandani na mguu juu ya mto.

"Mwanangu," mama alisema, "mwenzako anafungulia maji bafuni ili nisimsikie akilia. Huko chuoni mmemfanya nini?"

Chaja akatoka nje. Akamsubiri Fundi mlangoni.

"Umekuja kunifundisha jepesi?"

"Nimekuja kukuambia. Mimi nilianzia chekechea. Mwaka mzima niliingia kwa mlango wa nyuma nisionekane. Sikutaka aibu ile ikupate."

Fundi akaweka mkoba chini. "Na humo chekechea, ulijifunza?"

"Nilijifunza. Ndiyo maana nikaweza kukumalizia."

"Basi umeninyima darasa lililokufanya wewe uweze."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angesema kwa hasira.

Kesho yake Chaja alisimama mbele ya miwani mizito. "Niliyejibu ni mimi. Yeye alikuwa nje, mama yake ameanguka."

Fundi aliitwa. "Ulijua?"

"Niliporudi nilijua, mama. Nikanyamaza."

Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Chaja akanyang'anywa kazi na kusimamishwa mwaka mzima. Fundi akapewa onyo, na jaribio jipya, peke yake ofisini, simu imefungiwa kwenye droo.

Alipotoka na kuiwasha, ikaita papo hapo. Nyuma ya sauti ya Chaja kulikuwa na makelele ya stendi. Alikuwa anakwenda mji mwingine, kwenye karakana ya mjomba wake.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Wamekuweka wapi?"

"Chini kabisa. Karibu na stoo."

"Hongera, mpenzi wangu."

Fundi akacheka, na machozi yakatoka hapohapo. "Mwaka ni mrefu, Chaja."

"Utanisubiri?"

"Sikuahidi. Nina mama mgonjwa, na nina hesabu za watoto wadogo za kuanza upya." Injini ya basi ikanguruma upande wa pili. "Lakini kile kifungo, kikikatika usimpe mtu mwingine akishone."

"Nitakiweka mfukoni."

"Kiweke."

Simu ikakatika. Fundi akajifuta uso kwa kola ya kijani. Wanafunzi walikuwa wamejaa ngazini, wanaangalia nani anaelekea wapi. Akapita katikati yao, akashuka mpaka karibu na stoo, akaingia chekechea kwa mlango wa mbele.