Sehemu ya Tatu ya Diski

Kibarua alitolewa chini ya kifusi cha roshani akiwa ameshakata roho, mkono mmoja bado umeshika mwiko. Waliokuwepo walishika vichwa. Jengo lilikuwa jipya, rangi haijakauka.

Mkandarasi alikula kiapo mbele ya Inspekta kwamba alijenga alichochorewa. Michoro ya karatasi ilikuwa imezikwa kwenye kifusi. Mhandisi aliyeichora alifika mbio, akatiwa pingu, akasema neno moja tu: fungueni kompyuta yangu.

Wakaifungua ofisini kwake. Iliwaka vizuri, ikafungua kila faili, ila jengo lile halikuwemo. Halikuwemo hata jina lake, utadhani halijawahi kuchorwa. Konstebo akacheka puani, maana kwake kesi ilikuwa imekwisha.

Inspekta hakucheka. Alimwita fundi wa kompyuta wa ofisi ile, mtu mwenye maneno mengi kuliko nyaya zake. Fundi alitazama kioo cha kompyuta, maneno yakamwisha.

"Diski hii niliigawa sehemu tatu," alisema hatimaye. "Mbona ziko mbili?"

"Ya tatu ilikuwa ya nini?"

"Michoro. Mhandisi mwenyewe aliniomba, kompyuta ikiharibika kazi yake isiguswe."

Alieleza kwamba kwenye droo kulikuwa na diski ya nje yenye nakala ya kompyuta nzima, aliyoitengeneza kabla ya kuongeza sehemu hiyo. Mtu alikuwa ameirudisha nakala ile kwenye kompyuta, na mgawanyo wa zamani ukarudi nayo.

"Michoro imekufa?"

"Hapana, Afande. Nakala haikuandika juu ya mwisho wa diski, ilipo sehemu ya tatu. Sehemu hiyo imepotea kwenye orodha tu. Nipe muda niitafute."

Inspekta akamwachia mashine. Aliyefanya haya alijua kurudisha nakala, lakini hakujua kwamba sehemu ya tatu ipo, la sivyo angeifuta yenyewe. Fundi alijua, mhandisi alijua. Nani mwingine hushika diski ile ya nje? Fundi alijibu bila kufikiri: shemeji, mke wa mhandisi, ndiye katibu wa ofisi. Virusi vikiingia hamsubiri mtu, huchomeka diski na kurudisha, kisha huendelea na chai yake.

Mwanamke aliletwa chumba cha mahojiano. Alikaa wima, mkoba mapajani.

"Mama, nani alirudisha nakala?"

"Sijui."

"Ukiacha za fundi, alama za vidole kwenye diski ni zako peke yako."

Mkoba ukaanguka. Akaanza kulia, machozi yakawahi maneno. Habari zilipofika ofisini, alisema, mumewe aliangusha simu na kutamka kwamba ameua mtu, kisha akatoka mbio. Yeye alibaki na kompyuta ile.

"Nilifuta kosa lake," alisema. "Nina watoto, Afande. Ningefanyaje?"

Inspekta aligeukia mlango. Fundi alikuwa amesimama mlangoni na karatasi yenye joto la printa. Ilikuwa michoro ya roshani. Nondo zilizochorwa zilikuwa nene na zimepangwa kwa karibu. Zile walizochimbua wachunguzi kwenye kifusi zilikuwa nyembamba, nusu yake hazikuwepo kabisa. Mkandarasi alikuwa ameiba chuma, akamwachia mhandisi maiti.

Mwanamke alipewa karatasi na kuelezwa; akaisoma mara moja, akasoma tena. Alikuwa amefuta kitu pekee kilichoweza kumtoa mumewe rumande. Inspekta akaangalia pembeni.

Konstebo alitumwa kumkamata mkandarasi. Mhandisi akaletwa, pingu zimefunguliwa, akaelezwa yote akiwa amesimama. Alimtazama mkewe kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Nilisema nimeua kwa sababu nilimfahamu yule kibarua," alisema. "Mimi ndiye niliyemtafutia kazi pale."

Mkewe alinyoosha mkono. Yeye hakuushika.

"Uliikimbilia diski," alisema. "Mimi hukuniuliza."